Mtindo wa mwenzako si dhambi

Leo tuzungumze juu ya sataranji, ambayo vijana wengi huiita chesi na siku hizi huicheza kwenye simu kuliko mezani. Usigeuze ukurasa ukidhani hayakuhusu. Kama nyumbani kwako kuna kijana anayeinamia simu hadi saa sita usiku, huenda anacheza na mtu wa India au Brazil ambaye hatakaa amwone, na namna anavyomtendea mtu huyo ni suala la malezi.

Kwa wasioujua mchezo huu: kila mchezaji hupewa muda wake, tuseme dakika 15 kwa mchezo mzima, na saa yake hukimbia zamu yake inapofika. Sasa tazama hila. Mtu ameshampoteza malkia, mfalme wake amebanwa pembeni, lakini amebakiwa na dakika tisa. Angeweza kukubali kushindwa. Angeweza pia kuendelea kupigana ikiwa bado anaona tumaini, na hilo ni haki yake. Yeye hafanyi lolote kati ya hayo. Anaacha kusogeza kete na kuiacha saa itembee. Aliyekaribia kushinda hawezi kuinuka, maana akiinuka na mwenzake akacheza ghafla, saa itakayokimbia ni yake. Wengine huzima tu simu. Wengine huandika matusi, tena ya kumtukania mtu mama yake. Chess.com na Lichess huwaonya watu wa namna hii na kuwafungia kwa muda, lakini mashine inaweza kumfungia mtu bila kumtia aibu.

Watu husema ni mchezo tu. Mimi nauliza: anayezishikilia dakika tisa za mwenzake anapata nini? Akishashindwa ameshindwa. Faida iliyobaki ni kujua kwamba mwenzake naye amekereka. Mtu anayeridhika na faida ya aina hiyo akiwa hajulikani jina wala sura ana jambo la kuangaliwa.

Lakini upande wa pili wa habari hii, kwangu, ni mzito zaidi. Wachezaji hao hao hulalamikia mambo ambayo si makosa hata kidogo. Huyu anabadilishana kete tu, hana akili. Yule amejificha nyuma ya askari wake, mwoga. Mwingine ameshinda kwa saa, si kwa mchezo; kana kwamba hawakupewa dakika sawa. Kijana anafunga simu akiamini ametendewa ubaya, kumbe amekutana na mtu anayecheza tofauti naye.

Mikhail Tal wa Riga alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1960 akiwa na umri wa miaka 23, kwa kushambulia na kutoa kete zake sadaka mpaka wapinzani wakachanganyikiwa. Miaka mitatu baadaye ubingwa ukashikwa na Tigran Petrosian, Mwarmenia, aliyecheza kama fundi anayejenga ukuta kwanza na kufikiria mlango baadaye. Alikaa nao hadi 1969. Sheria za FIDE, shirikisho la dunia lililoanzishwa Paris mwaka 1924, zinakataza kumsumbua na kumuudhi mpinzani. Hazikatazi kujilinda. Mtume Paulo naye, alipomwandikia Timotheo kuhusu mwanamichezo na taji lake, alizungumzia kufuata kanuni, mtindo hakuugusa.

Makanisani kwetu ugonjwa huu tunaujua. Anayeomba kwa sauti humwona mwenzake wa kimya kuwa hana moto, na wa kimya humwona mwenye sauti kuwa anafanya maonyesho. Kwaya ya vitabu huibeza kwaya ya kinanda. Hayo huitishiwa vikao. Lakini mtu aliyeshindwa uchaguzi wa kamati, kisha akakaa na funguo za stoo wiki tatu bila kuzikabidhi, anapita hivi hivi. Tunasema ndivyo alivyo. Kwa kweli huyo ndiye aliyeacha saa itembee.

Mwaka 1972, mjini Reykjavik, bingwa wa dunia Boris Spassky wa Urusi ya Kisovieti alikutana na Bobby Fischer wa Marekani, wakati nchi zao zikitazamana kwa uhasama. Katika mchezo wa sita, Fischer, ambaye karibu siku zote alianza kwa kumsogeza askari wa mbele ya mfalme, alianza kwa namna nyingine kabisa. Spassky angeweza kunung'unika kwamba amechezewa mchezo asioutarajia. Alishindwa, na kwa mara ya kwanza akawa nyuma katika pambano lile. Ukumbi ukapiga makofi, na Spassky akapiga makofi pamoja nao.

Kwenye simu hakuna makofi, ila kuna nafasi ndogo ya kuandika ujumbe. Mzazi, wiki hii mwombe mwanao akuonyeshe mchezo mmoja alioshindwa. Muulize alimwandikia nini aliyemshinda. Halafu tazama saa yake ilisimama ikiwa imebakiwa na dakika ngapi.