Utungaji Mpya Usifungiwe Sandukuni

Wako watu katika uwanda wa kati wa Tanzania, kutoka Mpwapwa na Kongwa hadi Kondoa na Manyoni, ambao wametunga mashairi, hadithi na michezo ya kuigiza, kisha wakayafungia madaftari yao sandukuni. Wakiulizwa sababu hujibu kwamba kazi haijaiva, kwamba Kiswahili chao si cha pwani, au kwamba watu watawacheka. Jibu hilo huonekana kuwa ni unyenyekevu. Lakini mara nyingi ni woga uliovaa nguo ya unyenyekevu, na hasara yake humfikia mtunzi kwanza, kisha jamii nzima.

Dodoma ina mfano wake wa kulijibu jambo hili. Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 huko Ihumwa, katika nchi ya Wagogo. Lugha aliyonyonya kwa mama yake ilikuwa Kigogo. Alifanya kazi ya ualimu, ukarani na uhakimu, na pamoja na kazi hizo akatunga kwa Kiswahili. Wakati huo wengi waliamini kwamba ushairi wa Kiswahili ni mali ya watu wa mwambao, waliolelewa katika vina na mizani tangu utoto. Tena ushairi haukuwa uwanja wa faragha. Tangu enzi za gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, wasomaji walikwisha kuwazoea washairi waliojibizana magazetini. Aliyekosea mizani alikosea mbele ya nchi nzima, na mwenzake hakukawia kumwonyesha kosa lake.

Basi mtu wa bara aliyetaka kuingia katika uwanja huo hakukosa sababu za kusita. Mnyampala aliingia. Mwaka 1954 kilichapishwa kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo, na mwaka 1963 ikatoka Diwani ya Mnyampala. Baadaye akawa mmoja wa viongozi wa UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi. Yule ambaye angeweza kuhesabiwa mgeni mlangoni aliishia kuwa mwenyeji anayewakaribisha wengine.

Jambo kubwa zaidi lilikuja mwishoni mwa maisha yake. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliwaomba washairi wasaidie kulieneza Azimio la Arusha, lililotangazwa mwaka uliotangulia. Mnyampala angeweza kuitika kwa mashairi ya namna ile ile iliyokwisha kumpatia heshima. Badala yake akaja na ngonjera, yaani mashairi ya majibizano ambamo watu wawili au zaidi husimama mbele ya hadhara, mmoja akibisha na mwingine akieleza, hata wakapatana. Aliyekwisha kupata jina ana mengi ya kupoteza kuliko asiyejulikana, kwa hiyo ujasiri wa namna hiyo haufai kupuuzwa.

Yafaa kuitazama ngonjera yenyewe ilivyojengwa. Utungo huo haukamiliki mezani kwa mtunzi. Hauwi ngonjera mpaka wapatikane wa kuughani na wa kuusikiliza. Jambo hilo si geni Ugogoni, ambako mwimbaji huanzisha na kundi zima humwitikia. Wimbo usioitikiwa haujawa wimbo bado. Hivyo mtunzi anayengoja kazi yake ikamilike ndipo awaonyeshe wenzake anangoja jambo ambalo haliwezi kutokea, kwa kuwa wenzake hao ni sehemu ya ukamilifu wenyewe.

Mnyampala alifariki mwaka 1969. Kitabu cha kwanza cha Ngonjera za UKUTA kilichapishwa mwaka 1970 na cha pili mwaka 1971. Hakuviona, wala hakuwasikia wanafunzi wa shule nyingi walioghani ngonjera katika miaka ya sabini. Aidha, wako wahakiki waliosema kwamba ngonjera nyingi zilizidisha mahubiri na kupunguza usanii. Hoja yao ina uzito. Lakini hata hoja hiyo isingekuwapo kama utungo ungebaki sandukuni. Kazi iliyotolewa huweza kusifiwa, kulaumiwa na kurekebishwa, na iliyofichwa haipati hata moja katika hayo matatu.

Kuhusu kurekebisha, Mwalimu Nyerere mwenyewe aliacha funzo. Tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, naye alikuwa Rais wa nchi. Mwaka 1969 akaitoa upya ikiwa imesahihishwa, kwa jina la Juliasi Kaizari. Kama kiongozi wa nchi hakuona haya kuwaonyesha wananchi kwamba kazi yake ya kwanza ilihitaji marekebisho, kijana wa Chamwino au Bahi anaona haya ya nini?

Hata hivyo, si haki kumtwisha mtunzi mzigo wote. Msikilizaji naye ana wajibu. Anayemcheka mtu kwa lafudhi yake ya bara kabla ya kusikia anachosema anaziba chemchemi ambayo kesho ataitafuta. Kadhalika, anayesifu kila kitu kwa kuogopa kuudhi hamsaidii mtunzi kitu. Mwalimu wa shule, mhariri na jirani wanapaswa kusema waziwazi ubeti upi umesimama, upi unachechemea, na kwa nini. Lawama yenye sababu ni heshima, kwa maana huonyesha kwamba kazi imesomwa.

Wala si lazima kuanza na umati. Wasomaji wawili wakweli watosha kwa kuanzia, kisha darasa, kisha gazeti au redio. Wako watakaoyakataa baadhi ya maandishi hayo, na kukataliwa si msiba. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Wahenga walikwisha kulisema kwa ukali wao: mficha uchi hazai. Uwanda wa kati ulikwisha kulipatia taifa aina ya utungo kwa sababu mwana wake mmoja alikubali kusikilizwa kabla hajahakikishiwa sifa. Madaftari yaliyomo sandukuni leo yafunguliwe.