Pasipoti ya msafiri isilale kwa mtu mwingine

Kila asubuhi mapema, watu wanashuka kutoka Kasha, upande wa Bagira, wakielekea katikati ya muji wa Bukavu. Wengi wanaenda kuuza na kununua sokoni Kadutu ao Nyawera. Lakini kati yao wamo pia wenye kubeba valizi. Huyu anaelekea mpaka wa Ruzizi ya kwanza, avuke na kutafuta ndege Kamembe ao Kigali. Mwengine anaenda kuleta bidhaa kutoka Kampala, Dar es Salaam, Dubai ao Guangzhou. Mwengine, mara nyingi binti kijana, ameahidiwa kazi ya nyumbani katika inchi za Waarabu.

Siku ya kuagana, familia inauliza mengi. Tiketi imelipwa na nani? Mizigo ina kilo ngapi? Nani atampokea uwanjani? Swali moja halisikiki sana: akifika, pasipoti yake itakaa kwa nani?

Mtu akisikia onyo juu ya kulinda pasipoti, anafikiri mara moja wezi wa stendi ya basi, wale wenye kupasua sakoshi katika msongamano. Wezi wapo, na ni lazima kujihadhari nao. Lakini kuna njia nyingine ya kuipoteza pasipoti, na hiyo haina kelele. Mwenyewe anaitoa kwa mkono wake na kumpa mtu anayemwamini: bosi, komisioneri, mwenye nyumba, ao mfanyabiashara anayemdai. Anayeibiwa anajua kwamba ameibiwa, na anapiga kelele siku hiyo hiyo. Anayetoa mwenyewe anajua miezi baadaye, wakati anataka kurudi nyumbani na anaambiwa angoje.

Kwa mtu wa Bukavu, hasara hiyo leo ni kubwa kuliko zamani. Pasipoti ya Congo inatolewa na Wizara ya Mambo ya Inchi za Kigeni, yenye makao Kinshasa. Tangu AFC/M23 ilipoingia Bukavu, katikati ya Februari 2025, ndege za abiria kutoka Kinshasa zimeacha kutua Kavumu. Wiki chache mbele ya hapo, mwisho wa Januari 2025, Kinshasa iliwaita nyumbani wanabalozi wake waliokuwa Kigali. Kwa hiyo msafiri wa Kasha anayepitia Rwanda kutafuta ndege, akipotelewa na pasipoti huko, hana ubalozi wa karibu wa kubisha hodi. Inamlazimu kutafuta msaada katika inchi nyingine, na ile karatasi ya kumvusha mpaka ndiyo amepoteza.

Bei nayo si jambo dogo. Kuanzia mwaka 2015, pasipoti ya Congo ilikuwa dola 185, moja kati ya pasipoti za bei kali duniani. Baadaye ilishuka hadi dola 99, na pasipoti mpya iliyoanza mwaka 2025 iliwekwa dola 75. Kushuka huko ni habari njema. Lakini dola 75 ni bei ya kitabu peke yake. Nauli ya kufika mahali kinapotolewa, chumba cha kulala, na siku za kungoja bila kazi havimo katika hesabu hiyo.

Hatari iko wazi zaidi kwa wenye kwenda kufanya kazi za nyumbani katika inchi za Ghuba. Huko kuna mpango unaoitwa kafala: mwajiri ndiye mdhamini wa mfanyakazi mgeni, na ruhusa ya kukaa katika inchi inafungwa na jina la mwajiri huyo. Inchi kadhaa zimelegeza mpango huo katika miaka ya karibuni, lakini mfanyakazi wa ndani ya nyumba bado ana nguvu kidogo mbele ya anayemlipa. Mwajiri akichukua na pasipoti, mlango uliokuwa umefungwa mara moja unafungwa mara ya pili.

Wengi wanaambiwa kwamba hiyo ndiyo sheria ya huko. Si kweli. Qatar, kwa sheria namba 21 ya mwaka 2015, inamtoza faini ya hadi riyali 25,000 mwajiri anayeshika pasipoti ya mfanyakazi. Sheria ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2022 juu ya wafanyakazi wa nyumbani inampa mfanyakazi haki ya kukaa na makaratasi yake mwenyewe. Saudi Arabia inakataza pia. Oman haimruhusu mwajiri kushika pasipoti bila ruhusa ya mfanyakazi kwa maandishi, na hapo ndipo uko mtego: binti anawekewa mbele yake karatasi ya Kiarabu, anaambiwa aweke sahihi haraka, kumbe ruhusa yenyewe imo ndani. Shirika la Kazi Duniani, ILO, limehesabu alama 11 za kutambua kazi ya kulazimishwa, na kushikilia makaratasi ya mtu ni moja kati yao.

Ni kweli kwamba sheria iliyoandikwa haimfikii kwa urahisi binti aliyefungiwa katika nyumba ya watu asioelewa lugha yao. Kumwambia akatae mlangoni, usiku anaofika, peke yake, ni kumtwika mzigo mkubwa. Wengine watasema pia kwamba bosi ndiye aliyelipa tiketi, na kwamba anayekataa atarudishwa mikono mitupu. Ndiyo sababu kazi ya kulinda pasipoti lazima ianze Kasha, mbele ya safari, na isiachwe kwa msafiri peke yake.

Kwanza, mkataba. Mkataba wa kazi usomwe katika lugha ambayo msafiri anaelewa, na uandike wazi kwamba pasipoti itabaki kwa mwenyewe. Komisioneri anayekasirika kwa sababu ya ombi hilo amekwisha kujibu swali ambalo familia ilikuwa nalo juu yake. Komisioneri anayetaka pasipoti ibaki kwake wiki nyingi eti anatafutia viza, bila kutoa karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba ameipokea, anyimwe.

Pili, kuna nyakati ambapo pasipoti inapaswa kweli kutoka mkononi. Ubalozi unaotoa viza huishika kwa siku kadhaa. Ofisi inayotengeneza kibali cha kukaa nayo inaweza kuiomba. Msafiri asigombane na kazi ya namna hiyo. Lakini aombe karatasi ya kupokelea, ajue jina la ofisi, na aulize tarehe ya kurudishiwa. Hoteli nayo ina haki ya kuona pasipoti na kuiandika ao kupiga fotokopi. Ikisha kufanya hivyo, imrudishie mgeni wake kabla hajapanda chumbani.

Tatu, pasipoti si rehani. Mfanyabiashara aliyepungukiwa pesa huko ugenini anaweza kushawishika kuacha pasipoti dukani mpaka deni liishe. Akifanya hivyo, siku polisi wanapomsimamisha njiani hana cha kuonyesha, na mwenye duka anaweza kupandisha deni namna anavyotaka. Afadhali aache bidhaa.

Nne, msafiri aulize desturi ya inchi anamoingia. Mahali pengi ni busara kufungia pasipoti katika sanduku la usalama la hoteli na kutembea na fotokopi. Lakini China si hivyo. Sheria yake ya kuingia na kutoka, inayotumika tangu Julai 1, 2013, inamlazimisha mgeni mwenye miaka 16 na zaidi kutembea na pasipoti yenyewe. Tena mgeni anayelala kwa rafiki, si hotelini, anapaswa kujiandikisha polisi ndani ya saa 24. Mfanyabiashara wa Bukavu anayeenda Guangzhou aijue sheria hiyo kabla ya kupanda ndege. Pasipoti aivae ndani ya nguo, katika kimfuko kilichoshonwa kwa kazi hiyo, kuliko kuitia katika sakoshi ya begani.

Tano, na hili ni rahisi kuliko yote: fotokopi. Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ukurasa wenye foto na namba, pamoja na ukurasa wa viza, upigwe fotokopi mara tatu. Moja ikae katika mzigo, mbali na pasipoti yenyewe. Moja ibaki Kasha kwa mtu anayeaminika, pamoja na jina na simu ya mwajiri. Ya tatu iwekwe kwa ndugu anayekaa nyumba nyingine, maana wakaaji wa Bukavu wanajua namna moto unavyoweza kumaliza nyumba za mbao kwa saa moja. Kadi ya mchaguzi, ambayo kwa Wakongomani wengi ndiyo kitambulisho, nayo ipigwe fotokopi namna hiyo.

Foto ya pasipoti katika simu inasaidia pia, lakini iende kwa mtu mmoja ao wawili tu. Kuiweka katika status ya WhatsApp ao kwenye Facebook, ili marafiki wajue kwamba safari imeiva, ni kuwapa watu usiowajua jina, tarehe ya kuzaliwa na namba yako. Matapeli hawahitaji zaidi ya hapo.

Na kama imekwisha kupotea? Hatua ya kwanza ni polisi wa pale pale, siku ile ile, na kuomba karatasi ya ripoti. Hatua ya pili ni ubalozi wa Congo ulio karibu, ukiwa na ripoti hiyo na fotokopi. Ubalozi unaweza kutoa karatasi ya muda yenye kushika nafasi ya pasipoti, ile Wakongomani wengi wanaijua kwa jina la Kifaransa, tenant-lieu. Bila fotokopi, mtu anaanza kwa kuthibitisha kwamba yeye ni Mkongomani, na hapo siku zinageuka wiki. Aliyenyang'anywa na mwajiri afanye vilevile, na aseme wazi kwamba hakupoteza bali amenyang'anywa. Neno hilo moja linabadilisha namna polisi na ubalozi wanavyopaswa kulichukua jambo lake.

Kuna kosa moja la mwisho. Mtu anatangaza kwamba pasipoti imepotea, kisha wiki mbili baadaye anaiokota chini ya godoro, na anasafiri nayo. Tangu mwaka 2002, Interpol ina daftari la dunia nzima la pasipoti zilizoibiwa na zilizopotea. Namba ikishaingia humo, mwenye kuionyesha mpakani anaweza kuzuiwa kama mwizi, hata kama ni mwenyewe. Pasipoti iliyotangazwa kuwa imepotea irudishwe ubalozini, isitumike tena.

Hata hivyo, si haki kuwawekea wasafiri mzigo wote. Congo ilijitungia sheria juu ya biashara ya watu mwisho wa mwaka 2022. Sheria hiyo iwatafute wale wenye kusajili mabinti katika mitaa kwa ahadi za uongo, isingoje mpaka mmoja arudi akiwa mgonjwa. Mkaaji wa Bukavu hakuacha kuwa raia kwa sababu muji wake umebadilisha watawala. Kinshasa inapaswa kuhakikisha kwamba balozi zake za Kampala, Nairobi, Dar es Salaam na za Ghuba zinampokea bila kumtuma arudi kwanza makao makuu. Na wale wenye kushika Bukavu leo wasimzuie raia kutafuta karatasi ya inchi yake, wala wasimshuku kwa sababu anaitafuta.

Mambo hayo yatachukua wakati. Lakini fotokopi haichukui wakati, na swali moja la kuuliza kabla ya kuagana halina bei. Familia ya Kasha inayomsindikiza mtoto wao mpaka Ruzizi, ikisha kuuliza juu ya tiketi na kilo za mizigo, iulize pia pasipoti italala kwa nani. Kama jibu si jina la mtoto mwenyewe, valizi irudi nyumbani kwanza, mpaka jambo hilo limalizike.