Pochi ya Kununua

Nina ugomvi, na chanzo chake ni pochi ya karatasi. Najua msomaji atacheka. Acheke, lakini asifunge kitabu.

Mjukuu wangu wa darasa la tano alirudi nyumbani Ijumaa moja na agizo la shuleni: kila mtoto alete Jumatatu pochi ya kutunzia fedha, iliyotengenezwa kwa karatasi moja tu ya manila. Mama yake, ambaye ni binti yangu na ambaye nilidhani nimemlea vizuri, hakujisumbua. Alipita duka la vifaa vya shule karibu na stendi, akamlipa kijana wa pale shilingi elfu mbili, akapewa pochi inayong'aa, imekatwa kwa mkasi na kubandikwa kwa gundi, ina ua jekundu mbele. Mtoto akapata tisa kwa kumi. Binti wa jirani, anayekaa naye dawati moja, alikunja yake mwenyewe kwa kadi ya boksi la sabuni ya unga, maana kwao fedha ya manila haikuwapo. Akapata nne. Pembeni mwalimu aliandika kwa wino mwekundu: "Si safi."

Nasema wazi kwamba ile tisa ni uongo na ile nne ni dhuluma. Tena nasema kwamba watoto wote wawili walifundishwa siku ile, na walichofundishwa watakikumbuka kuliko jedwali la kuzidisha. Mmoja amejua kwamba kazi hununuliwa. Mwingine amejua kwamba aliyefanya kwa mikono yake hushindwa na aliyelipa. Baadaye tunakaa barazani tukilalamika kwamba vijana wa siku hizi wananunua vyeti! Walianzia wapi?

"Baba, ni pochi tu," binti yangu aliniambia. "Mtoto ana hesabu, ana Kiingereza. Haya ni mambo ya kuchezea."

Basi na tuitazame hiyo ya kuchezea. Chukua karatasi ya manila ya ukubwa wa A4, yaani milimita 297 kwa 210, uilaze mezani upande wake mrefu ukikuelekea. Kingo mbili ndefu, ya juu na ya chini, zikunje kuja ndani sentimita moja na nusu kila moja. Hizo zitakuwa midomo ya pochi, na bila kuzikunja hivyo midomo itachanika upesi. Kisha kunja karatasi nzima katikati, midomo miwili ikutane juu. Sasa una kitu kirefu kama mkanda mpana, milimita 297 kwa 90, kimefungwa chini na kiko wazi juu. Ugawe mkanda huo mafungu matatu. Fungu la kushoto likunje lilale juu ya lile la katikati. Fungu la kulia likunje vilevile, ila usiliweke juu ya mwenzake. Liingize ndani yake, katikati ya tabaka zake mbili, ulisukume mpaka lifike mwisho. Pochi imejifunga yenyewe. Nyuma kuna mfuko wa noti, ambayo utaikunja mara moja, na mbele kuna mfuko wa sarafu. Hakuna mkasi, hakuna gundi, hakuna pini ya stepla.

Nimelieleza kwa maneno machache, lakini jaribu. Mia mbili tisini na saba gawanya kwa tatu ni tisini na tisa kamili, na mtoto mwenye akili atapima tisini na tisa mara tatu, ajisifu. Halafu fungu la kulia litakataa kuingia. Litajikunja, litafura kama tumbo la chura, na pochi haitalala. Kwa nini? Kwa sababu karatasi ina unene, na kila mkunjo unakula kidogo. Fungu linaloingia ndani lazima liwe fupi kuliko linalolipokea, na la katikati lazima liwe pana kuliko yote. Mimi hutumia 99 kushoto, 100 katikati na 98 kulia. Jumla ni ile ile 297. Hapo ndipo mtoto anapogundua kwamba hesabu ya kwenye daftari na hesabu ya kwenye kitu ni ndugu lakini si mapacha. Fundi seremala anajua hilo, fundi cherehani anajua. Nimewahi kukutana na vijana wenye shahada ambao hawajui.

Kuna na jambo la nyuzi. Kadibodi ina nyuzi kama ubao. Ukiikunja kufuata nyuzi inalainika na kutii. Ukiikunja kuzikata, inapasuka mgongoni na kuonyesha vinyweleo vyeupe. Dawa yake ni kupitisha peni iliyokwisha wino kando ya rula, ukikandamiza bila kukata, kabla ya kukunja. Yule binti wa jirani hakuambiwa hayo na mtu. Nilipoishika pochi yake niliona mifereji ya peni kavu kila mahali penye mkunjo. Alikuwa amelivumbua jambo ambalo wapigachapa hulifanya kwa mashine, akapewa nne.

Kukunja karatasi kuitwa mchezo si jambo geni, na wenye akili wamekwisha kulijibu. Friedrich Froebel, Mjerumani aliyefungua shule yake ya watoto wadogo mjini Bad Blankenburg mwaka 1837, aliuweka ukunjaji wa karatasi miongoni mwa kazi za watoto wake. Mwaka 1893, huko Madras, Mhindi aitwaye Sundara Row alitoa kitabu kizima cha kufundisha jiometri kwa kukunja karatasi. Hao hawakuwa watu wa kupoteza muda.

Kwetu nako hatuna udhuru. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea nilikuwa kijana wa shule, na nilipoingia chuo cha ualimu miaka michache baadaye maneno hayo ndiyo yalikuwa chakula chetu asubuhi na jioni. Sisi wenyewe ndio tuliyaharibu. Mtoto akichelewa, peleka shambani akalime. Akipiga kelele, akachote maji. Kazi ya mikono tuliigeuza kiboko, kisha tukashangaa watoto walipoichukia. Wala sitaki nieleweke vibaya: simsifu binti wa jirani kwa sababu ya umaskini wa kwao. Boksi la sabuni halina utakatifu wowote. Angekuwa na manila angekunja manila, na ingekuwa vizuri zaidi.

Tangu mwaka 2024 tunao mtaala mpya wenye mkondo wa amali katika sekondari. Nimeupokea kwa furaha. Ila nauliza: huyu atakayeshika randa na mashine ya kuchomelea kidato cha kwanza, ataishika na mikono ipi, ikiwa darasa la tano mikono yake ilikuwa ya kijana wa stendi? Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.

Sasa nije kwenye sehemu inayoniuma. Mwalimu aliyetoa tisa na nne ni mwanafunzi wangu. Kabla sijawa mkuu wa shule nilifundisha chuoni, na huyu mama alipita mikononi mwangu. Wakati wa mazoezi ya kufundisha tuliwakagua wanachuo na zana zao, na sisi wakufunzi tulipenda zana za kupendeza. Chati yenye herufi zilizonyooka ilipata alama nyingi. Kila mtu pale chuoni alijua kwamba karibu na soko alikuwapo mchoraji wa mabango ambaye kila msimu wa ukaguzi alishinda akichora moyo, figo na ramani za mvua kwa malipo. Mimi nilijua. Niliutambua mkono wake, hasa ile "R" yake yenye mkia. Nikatoa alama. Nilijiambia kwamba mwanachuo ameonyesha bidii ya kutafuta zana. Basi huyu mama alijifunza kutoka kwangu kwamba kazi hutazamwa uso, haipekuliwi tumbo.

Kwa hiyo nilikwenda shuleni nikiwa mshtaki na mshtakiwa pamoja.

"Shikamoo, Mwalimu," alisimama.

"Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?"

Nilimweleza. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza swali la haki kabisa: "Mwalimu, nina watoto tisini na wawili katika chumba kimoja. Nitamtazama yupi akikunja?"

Hakuna mtu awezaye kutazama watoto tisini na wawili wakikunja. Lakini hana haja. Nilimwomba pochi zile mbili, zilikuwa bado kabatini. Ya mjukuu wangu nilijaribu kuifungua, ikachanika palipo na gundi; ndani hamna kitu cha kusoma. Ya binti wa jirani niliifungua fungu moja moja, nikaitandaza mezani, ikawa tena karatasi moja bapa. Na pale, ndugu msomaji, kila kitu kilikuwa kimeandikwa. Mstari wa kwanza wa kugawa mafungu ulipotea kwa milimita tatu, ukaachwa. Kando yake ukapigwa wa pili, ulio sawa. Fungu la kulia lilikuwa limepunguzwa ukingoni kwa kidole cha kucha, uzi baada ya uzi, mpaka likaingia.

"Katika hesabu," nilimwambia, "mtoto akiandika jibu bila njia, unampa ngapi?"

"Jibu tupu simpi zote, Mwalimu. Ninataka njia."

"Hii hapa njia yake. Pochi tisini na mbili, nusu dakika kila moja kuifungua na kuitazama. Haifiki saa moja."

Aliinama juu ya ile kadi ya sabuni muda mrefu. Akapitisha kidole kwenye mfereji wa peni, kutoka pembe moja mpaka nyingine. Kisha akaikunja upya, na fungu la mwisho likamgomea, akajaribu tena, likaingia.

"Nimeona, Mwalimu," alisema. "Lakini alama nilikwisha kuzijaza kwenye fomu, na fomu ilikwisha kwenda ofisini tangu Jumatano."

Tukatoka pamoja kwenda ofisini. Mwenye ufunguo alikuwa amekwenda msibani.