Mvuke wapotea usiku, stima yakatwa jioni: Kenya yahitaji ghala la kawi

USIKU wa manane, Wakenya wengi wanapokuwa wamelala na viwanda vingi vimefunga milango, mvuke kutoka visima vya Olkaria karibu na Naivasha mara nyingi huachiliwa hewani bila kuzungusha mtambo wowote. Saa chache tu kabla ya hapo, kati ya saa moja na saa tatu za usiku, wahandisi wa gridi ya taifa huwa wakitafuta kila megawati wanayoweza kupata ili mitaa isiingie gizani.

Hicho ndicho kitendawili cha sekta ya kawi nchini. Taifa lina upungufu na ziada katika usiku mmoja. Hata hivyo, mjadala wa umma, iwe Bungeni au katika vituo vya matatu, huhusu mambo mawili tu: bei ya stima na idadi ya mitambo mipya inayofaa kujengwa. Swali la tatu, ambalo pengine ni zito zaidi, huulizwa kwa nadra: tunaihifadhi wapi kawi tuliyokwisha kuipata?

Takwimu zinaeleza hali hii waziwazi. Mwaka wa 2025 mahitaji ya umeme wakati wa kilele yalivuka megawati 2,300. Ifikapo usiku wa manane, mahitaji hayo hushuka hadi karibu nusu. Mitambo yote iliyounganishwa kwenye gridi, ukijumlisha uwezo wake kwenye karatasi, hupita megawati 3,000. Lakini jua huwa limetua mama wa nyumbani anapowasha taa na kupasha chakula, upepo huvuma upendavyo, nayo mabwawa hutegemea mvua.

Ili kuelewa tatizo hili, yafaa turejelee somo ambalo wengi wetu tulilipata darasani kisha tukalisahau. Kawi haiundwi wala haiangamii, bali hubadilika sura na kuhama. Joto lililo chini ya Bonde la Ufa hugeuka mvuke, mvuke huzungusha mtambo, mtambo huzalisha umeme, nao umeme huwa nuru, joto la pasi au mwendo wa cherehani. Katika kila hatua sehemu fulani hugeuka joto lisilotumika na kutawanyika.

Miongoni mwa sura zote hizo, umeme ndio mgumu zaidi kuweka akiba. Makaa hukaa guniani mwaka mzima. Mafuta hukaa kwenye tangi. Maji hukaa bwawani. Umeme ulio kwenye nyaya, kwa upande mwingine, sharti utumike papo hapo. Kiasi kinachozalishwa lazima kilingane na kinachotumika kila sekunde, ndipo gridi idumishe mapigo yake ya mizunguko 50 kwa sekunde. Ulinganifu huo ukivurugika ghafla, mitambo hujizima mmoja baada ya mwingine ili isiharibike.

Wakenya walilionja hilo usiku wa Agosti 25, 2023, wakati karibu nchi nzima ilipoingia gizani, baadhi ya maeneo kwa takriban siku nzima. Hata uwanja wa ndege wa kimataifa wa Jomo Kenyatta uliathirika. Kenya Power na wasimamizi wa mradi wa upepo wa Turkana walitofautiana hadharani kuhusu chanzo. Lisilo na ubishi ni kwamba gridi haikuwa na akiba ya kutosha ya kuingia kazini mara moja na kuziba pengo.

Si kwamba Kenya haina ghala lolote. Ghala letu kubwa ni Bwawa la Masinga kwenye Mto Tana, lililokamilika mwaka wa 1981. Mtambo wake ni wa megawati 40 tu, na asiyefahamu angeudharau. Ila thamani ya Masinga si mtambo huo. Maji yanayotoka hapo hupitia Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, hivi kwamba tone lile lile huzalisha umeme mara tano kabla ya kuachwa liende zake Garissa na Bahari Hindi.

Hesabu ndogo itaonyesha uzito wa jambo lenyewe. Ili kupata uniti moja ya umeme, ile mwananchi anayonunua kwa tokeni, yahitajika takriban lita 3,700 za maji ziporomoke mita 100, na hapo hatujatoa hasara ya mitambo. Hizo ni ndoo 185 za lita 20, kwa ajili ya pasi inayotumika kwa muda wa saa moja hivi. Bila bwawa kubwa, hakuna hifadhi ya maana.

Na ghala hilo lina maadui wawili. Wa kwanza ni ukame. Kiangazi cha 1999 na 2000 kilileta mgao wa umeme ambao wenye viwanda hawajausahau, na Juni 2009 mtambo wa Masinga wenyewe ulifungwa kwa sababu kina cha maji kilikuwa kimeshuka mno. Adui wa pili hufanya kazi yake kimyakimya, nao ni udongo. Kila mvua inyeshapo, mchanga na tope kutoka mashamba ya nyanda za juu huteremka na kujaa bwawani, na nafasi iliyochukuliwa na tope haiwezi tena kuhifadhi maji.

Kwa hivyo, mkulima wa Murang'a anayechimba matuta shambani mwake analinda pia akiba ya umeme wa taifa, ingawa hakuna anayemlipa kwa kazi hiyo. Mvua ilipozidi mwaka wa 2024, mabwawa ya Tana yalifurika. Maji ambayo yangekuwa umeme wa miezi ya kiangazi yalipita bila kazi, yakaongeza dhiki ya jamii za sehemu za chini za mto huo ambazo tayari zilikuwa zimehamishwa na mafuriko.

Baada ya kuhifadhi, kuna suala la kusafirisha. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310, ulikuwa tayari mwaka wa 2017. Laini ya zaidi ya kilomita 400 kutoka Loiyangalani hadi Suswa haikuwa tayari hadi Septemba 2018. Kwa zaidi ya mwaka mmoja mitambo ilisimama katika mojawapo ya sehemu zenye upepo mkali zaidi nchini, na mlipa ushuru akabebeshwa fidia ya mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukumfikia.

Laini ya kutoka Ethiopia hadi Suswa, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,000, imetusaidia tangu Novemba 2022 kununua umeme wa maji wa jirani. Lakini ndani ya mipaka yetu, zaidi ya asilimia 20 ya umeme unaoingia katika mfumo wa Kenya Power haumfikii mteja anayelipa. Sehemu hugeuka joto kwenye nyaya na transfoma zilizolemewa, sehemu huibwa, na kiasi fulani cha hasara hiyo hujumuishwa katika bei tunayolipa sote.

Je, lifanywe nini? Afrika Kusini ina jibu moja. Katika kituo cha Ingula chenye uwezo wa megawati 1,332, maji husukumwa kupanda bwawa la juu wakati umeme ni mwingi, kisha huteremshwa wakati wa kilele. Wakosoaji husema, na wanasema kweli, kwamba mbinu hii hurudisha takriban robo tatu tu ya kawi iliyotumika. Hata hivyo, robo tatu ya kitu ambacho kingetupwa ni faida. Betri kubwa nazo, ambazo KenGen imekuwa na mipango ya kuziweka, zinaweza kuingia kazini kwa kufumba na kufumbua. Ni ghali, lakini bei zake zimeshuka mno ulimwenguni katika muda wa miaka 15.

Njia iliyo rahisi zaidi haihitaji zege wala betri za gridi. Ni kuhamisha matumizi. Desemba 2017 Serikali ilianzisha bei nafuu ya usiku kwa viwanda, na mwaka wa 2023 ikaweka bei maalumu ya kuchaji magari ya umeme. Mpango huo wafaa kupanuliwa hadi kwa mwananchi wa kawaida. Bodaboda ya umeme inayochajiwa saa saba za usiku ni ghala dogo. Tangi la maji moto ni ghala. Pampu inayojaza hifadhi ya maji ya shamba usiku ni ghala pia. Maelfu ya maghala hayo madogo yangepunguza mvuke unaotupwa Olkaria, na haba na haba hujaza kibaba.

Hayo hayatatimia iwapo Wizara ya Kawi itaendelea kupima mafanikio kwa idadi ya megawati zinazozinduliwa kwa mbwembwe na kukata utepe. Kila mkataba mpya wa kununua umeme ungefaa kuambatana na maswali matatu: umeme huo utapatikana saa ngapi, utapita wapi, na usipohitajika utahifadhiwa vipi?

Fundi wa kuchomelea vyuma Gikomba hajali kama umeme wake ulianza kama joto la ardhi, upepo au maji. Anachojali ni kwamba stima iwepo anapobonyeza swichi, na kwamba asilipie ile iliyopotea njiani. Mkulima mwerevu hujenga ghala kabla ya kupanua shamba. Mintarafu ya kawi, taifa letu limekuwa likipanua shamba huku mavuno yakipeperuka kila usiku.