Rungwe Ianze na Redio ya Bei, Mbegu Mpya Baadaye

Mazao ya Rungwe hayakosi wanunuzi, yanakosa bei inayojulikana. Mkungu wa ndizi sokoni Kiwira huuzwa kwa kukadiria kwa macho, na viazi vya Isongole huondoka kwa gunia la lumbesa. Mkulima wa chai ana nafuu kidogo, maana bei ya jani bichi hutangazwa na jani lenyewe hupimwa kwa mizani. Mwenzake wa ndizi au viazi humsubiri dalali amweleze soko la Mbeya, au la Mabibo, Dar es Salaam, limeamkaje.

Wataalamu wana ndoto mbili za kumkwamua mkulima huyu: mimea iliyotengenezwa kwa uhandisi jeni, na redio itakayomsemesha kila msikilizaji kwa mahitaji yake. Kwa maoni ya safu hii, ndoto ya pili iko karibu zaidi, na ndiyo itakayoamua kama ile ya kwanza itamnufaisha mkulima ama mlanguzi.

Tuanze na mimea. Mvua na baridi ya Tukuyu ni neema, lakini ndiyo pia inayolea ukungu wa viazi, ugonjwa ule ule ulioanzisha njaa kubwa ya Ireland mwaka 1845. Nchini Uganda, watafiti walianza mwaka 2015 kujaribu kiazi aina ya Victoria kilichopandikizwa jeni 3 za viazi mwitu, nacho kikahimili ukungu bila dawa. Kwa upande wa ndizi, watafiti wa Kawanda walitumia jeni ya pilipili hoho dhidi ya mnyauko bakteria, ugonjwa uliogunduliwa Uganda mwaka 2001 na Kagera mwaka 2006.

Hapa nchini, hata hivyo, mambo hayo yamekwama. Majaribio ya mahindi huko Makutupora, Dodoma, yaliyoanza mwaka 2016, yalisimamishwa mwaka 2018, na mwaka 2021 Wizara ya Kilimo ikatangaza kusitisha tafiti za aina hiyo. Kenya iliondoa zuio lake Oktoba 2022, kisha suala likafikishwa mahakamani. Mkulima wa Rungwe hawezi kupanga msimu wake kwa kutegemea mbegu ambayo bado inabishaniwa.

Redio haina kikwazo hicho. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza, ikafuatiwa na Chakula ni Uhai mwaka 1975. Zote zilikuwa sauti moja kwa nchi nzima. Kati ya mwaka 2007 na 2010, shirika la Farm Radio International lilijaribu kuunganisha redio na simu katika nchi 5 za Afrika, Tanzania ikiwemo. Hatua inayofuata ni mkulima kuandikisha kata yake, zao lake na tarehe aliyopanda, kisha apige namba fupi na kusikia kipindi cha dakika 3 kwa Kiswahili au Kinyakyusa: bei ya jana ya Kiwira, Mbeya na Mabibo, hali ya hewa ya kata yake, na kama unyevu wa wiki hii unaashiria ukungu.

Kwa nini redio itangulie? Tufanye hesabu. Tuseme mkulima ana magunia 20, na kila moja limeshindiliwa kilo 130 badala ya 100. Anatoa kilo 600 bure, sawa na magunia 6. Sasa mpe mbegu ya maabara inayoongeza mavuno kwa nusu. Atajaza lumbesa 30, na atakachopoteza kitapanda hadi magunia 9. Mbegu bora imemwongezea mapato, hilo hatulikatai, lakini imemwongezea pia dalali bila jasho. Anayejua bei ya kilo sokoni ana hoja ya kudai mizani. Asiyejua hupokea anachopewa.

Hatari iko kwa mlipaji. Redio inayogharamiwa na muuza dawa itaona ukungu kila Jumatatu. Inayogharamiwa na mnunuzi itasikia bei ya chini tu. Na kwa kuwa itamsemesha kila mtu peke yake, jirani hatajua kwamba yeye ametajiwa bei nyingine. Redio ya zamani ilisikika na kijiji kizima, na udanganyifu ulikuwa na mashahidi. Kwa hiyo bei ziwe zile zile kwa kila apigaye, zichukuliwe na watu zaidi ya mmoja katika kila soko, na zibandikwe pia ofisi ya kijiji. Gharama zibebwe na vyama vya ushirika vya mazao pamoja na halmashauri, ambayo tayari inatoza ushuru wa mazao hayo hayo.

Siku Serikali itakapofungua mlango wa mbegu mpya, mkulima atahitaji kuuliza inauzwaje, kama anaruhusiwa kuirudia msimu wa pili, na kama mnunuzi ataikubali. Wilaya inayouza parachichi Ulaya haiwezi kulipuuza swali hilo la mwisho. Majibu hayo yatahitaji chombo ambacho mkulima amekwisha kukiamini katika jambo dogo la bei ya mkungu. Halmashauri ya Rungwe inaweza kuanza na kata moja na zao moja, na viazi vya Isongole vinafaa.