ACHENI KUTUUZIA NYANYA ZA KARATASI

Ipo hesabu moja inayozunguka vijiweni, kwenye semina za ujasiriamali na kwenye simu za vijana kuanzia Tegeta hadi Bagamoyo mjini. Ndugu msomaji, bila shaka umekwisha kukutana nayo. Ekari moja, miche elfu kadhaa ya nyanya, kila mche kilo kadhaa, kila kilo bei kadhaa. Zidisha, ondoa gharama, na kijana aliyeamka na jero mfukoni analala milionea! Katika hesabu hiyo mvua haimo. Jua halimo. Kantangaze hayumo. Hata dalali wa sokoni hayumo, ingawa huyo ndiye hufika shambani kabla ya mwenye shamba kunawa mikono.

Wenzangu mnaoota kuandika riwaya mnaujua ugonjwa huu. Ni hadithi ambayo mhusika mkuu hapatwi na jambo lolote tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Mpelekee mhariri hadithi ya namna hiyo, atakurudishia bila hata kuifungua mara mbili. Lakini ikiandikwa kwa tarakimu, watu wanauza pikipiki zao na kuiamini.

Haya, tuiweke karatasi pembeni tuingie uani.

Huku pwani tumefundishwa kwamba kuna vuli, Oktoba hadi Desemba, na kuna masika, Machi hadi Mei. Katikati yake kiangazi, kisha kipupwe na manyunyu ya mchoo. Vizuri sana kwenye kitabu cha jiografia. Lakini vuli ya 2022 iligoma, Ruvu ikapungua maji mpaka Dar es Salaam nzima ikawekwa kwenye mgao. Vuli iliyofuata, ya 2023, ikaja El Niño, na Januari 2024, mwezi ambao sisi tumezoea kuuita wa jua kali, watu walikuwa wanavuka barabara wamekunja suruali. Masika ya 2024 nayo ikaongeza juu yake, na Mei 4 kimbunga Hidaya kikafika Mafia. Katika miaka miwili bustani ile ile imekufa kwa kiu na imekufa kwa kuzama. Sasa niambieni, ile karatasi yenu ilipigiwa hesabu mwaka upi?

Na wala mwaka wa mvua nyingi haukuwa mbaya kwa kila mtu. Hapo ndipo penye utamu, na ndipo wapiga hesabu wasipopajua. Zunguka Magomeni ya Bagamoyo, pita Nianjema, kisha shika njia ya Kaole. Nilipozunguka mimi baada ya mvua zile, nyanya zilikuwa zimekwisha. Baka lilikuwa limeyachoma majani kama mtu aliyepitisha moto, matunda machache yaliyobaki yamepasuka. Pilipili zilikuwa zimepukutisha maua. Mchicha uliosiwa mwanzoni ulisombwa, mbegu zikaenda kuota kwa jirani, na ule uliowahi kuota miche yake ikaoza shingoni. Kasheshe tupu!

Lakini pembeni mwa tuta lile lile, matembele yalikuwa yametambaa mpaka kwenye njia ya kuendea choo. Maboga yamepanda uzio, majani yake mapana kama sinia. Mlenda, ambao hakuna aliyeupanda, umejiotea wenyewe. Kisamvu kilikuwa kimesimama, isipokuwa pale maji yalipotuama, maana muhogo unavumilia jua kuliko unavyovumilia dimbwi. Bamia zilikuwa nusu kwa nusu. Nyumba hiyo haikununua mboga hata siku moja.

Halafu angalia udongo. Kwenye mchanga wa kuelekea Kaole maji yalipita yakaenda zake, na wenye bustani huko walivuna wakati wenzao wa mabondeni, kwenye udongo mzito unaoshika maji, wanachota maji kwenye matuta kwa bakuli. Mwaka wa ukame kibao kikageuka: mchanga ule ule ukawa hauna shukrani, unamwagiwa asubuhi saa nne umekauka, na wa bondeni ndiye mwenye mchicha. Ongeza visima vya karibu na bahari, ambavyo jua likikaza maji yake yanazidi chumvi. Maharage hayataki kabisa maji hayo, spinachi inavumilia. Kwa hiyo ndani ya msimu mmoja, ndani ya mtaa mmoja, yupo anayelia na yupo anayegawia jirani. Msimu wa namna hiyo utauita mzuri au mbaya?

Nilimwuliza bibi mmoja wa Nianjema, baada ya shikamoo yake, kama mvua ya mwaka ule ilimkosea. Akacheka. "Mjukuu wangu, mvua haikukosa, imekosea. Nami nikikosea napanda tena." Sikuongeza swali.

Hebu sasa tupige hesabu yetu wenyewe, ile ambayo semina hazifundishi. Mchicha unavunwa wiki tatu hadi nne baada ya kusia. Nyanya, tangu kitaluni mpaka tunda la kwanza kuiva, hula miezi mitatu na kitu. Mvua ikiua tuta la mchicha, umepoteza konzi moja ya mbegu na siku ishirini; unapalilia, unasia tena, unaezeka kichanja cha makuti juu yake ili matone makubwa yasipige miche, na mwezi haujaisha uko sokoni na mafungu yako. Mvua ikiua nyanya, umepoteza robo ya mwaka, mbegu za kopo za bei mbaya, mbolea, dawa uliyokopa, na heshima yako kwa aliyekukopesha. Mpaka hapo sijamgusa kantangaze, yule mdudu aliyeingia nchini mwaka 2014 na kujipatia jina lake kwa kuwatangaza watu ufukara.

Maji nayo tuyapime. Tuta la mita moja kwa mita kumi wakati wa jua linataka kama lita hamsini kwa siku. Hizo ni ndoo kubwa mbili na nusu. Matuta matano, ndoo kumi na mbili na nusu, kila siku iendayo kwa Mungu. Kama unanunua maji kwa dumu, bustani inakunywa faida yote kabla hujala jani moja. Kama unateka kisimani, basi kuna mtu anateka, na kwa uani zetu mtu huyo ni mama au ni dada, si yule kijana mwenye karatasi. Nimeona makabrasha mengi ya kilimo cha mboga. Sijaona hata moja lenye mstari wa mgongo wa mama.

Mtu ataniambia, "Wewe unapinga kilimo cha biashara, unataka vijana wabaki na tembele." La hasha! Wapo wanaolima nyanya na kufanikiwa, wana pampu, wana mabanda, wana akiba ya kuvumilia msimu mmoja ukiharibika, na mungu wao ni bei ya Kariakoo. Hao sina neno nao. Neno langu ni kwa wanaomchukua kijana asiye na akiba hata ya mwezi mmoja na kumwambia aweke kila alichonacho kwenye zao moja, tena lile zao dhaifu kuliko yote mbele ya mvua ya pwani. Huo si ujasiriamali, ni kamari iliyovaa buti za mvua.

Wala pwani hii haikuhitaji semina kujifunza jambo hilo. Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja, kikafika na huku Bagamoyo, kikabomoa majengo ya misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu iliyoanzishwa mwaka 1868. Unguja ilipoteza sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba, iliyonusurika, ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu tangu hapo. Kwa matajiri wa Unguja waliopanda mkarafuu juu ya mkarafuu, upepo wa siku moja ulitosha. Sijui kama na wao waliwahi kuonyeshwa karatasi.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya mti. Tumeimbiwa Siasa ni Kilimo mwaka 1972, tukaimbiwa Kilimo Kwanza mwaka 2009, na mwaka 2023 vijana wakaingizwa kwenye mashamba ya pamoja ya BBT. Sipingi wimbo. Nauliza tu, katika nyimbo zote hizo bustani ya uani ilitajwa kwenye ubeti upi? Elimu ya Kujitegemea ya 1967 ilitaka mwanafunzi aheshimu jembe. Shuleni kwangu jembe lilikuwa adhabu: ukichelewa, tuta, ukiongea darasani, tuta, ukishindwa hesabu, matuta mawili. Miaka minne mtu anafundishwa kwamba kulima ni fimbo ndefu zaidi, halafu siku ya kumaliza anaambiwa, nenda ukajiajiri kwenye kilimo! Bado mnashangaa kwa nini anaikimbilia hesabu isiyo na jembe ndani yake?

Na sisi waandishi chipukizi je? Tusijitoe. Nimesoma hadithi nyingi za wenzangu, nyingine katika kurasa hizi hizi, na bustani ndani yake ni za aina mbili tu. Ama shamba limestawi kijani kibichi, ndege wanaimba na binti amebeba kikapu. Ama nchi imekauka, ardhi imepasuka na ng'ombe mmoja amekufa. Ng'ombe huyo amekwisha kufa katika hadithi ngapi? Hakuna anayeandika uani ambapo nyanya zimeoza na maboga yamepanda uzio wiki hiyo hiyo. Hakuna anayeandika mama anayesia mara ya tatu, bila kuomba huruma ya mtu, huku mtoto wa kiume ndani anapiga mahesabu ya milioni kumi. Na chakula cha mhusika maskini lazima kiwe tembele au kisamvu, ili msomaji ajue kwamba huyu ni maskini! Tunaitukana mboga iliyotulea, tena kwa Kiswahili fasaha, halafu tunakwenda kijiweni kulalamika kwamba watu hawasomi.

Kuna jambo moja limebaki nalo ni zito. Uani zenyewe zinakwisha. Kuanzia Bunju, Mapinga, Kerege hadi Zinga, kila penye nyasi pamesimikwa mawe ya mipaka na kibao cha "viwanja vinauzwa". Tangu mkataba wa bandari uliposainiwa mwaka 2013, bei ya ardhi imekuwa ikisubiri meli. Mradi ukasimamishwa 2019, lakini wauzaji viwanja hawakusimama. Anayepanga chumba hana tuta. Anaweza kuwa na ndoo mbovu mbili na mfuko wa saruji uliojazwa udongo na mavi ya kuku, na humo mchicha unaota, nimeuona Tegeta ukiota kwenye ngazi za ghorofa. Lakini ndoo mbili hazina msimu wa mseto. Zikipigwa, zimepigwa zote. Kisamvu hakiingii kwenye ndoo, wala boga halina uzio wa kupanda.

Kwa hiyo mtaalamu wa karatasi akija tena kijiweni kwenu, msimzomee. Mpeni kiti na kahawa. Mwulizeni mvua ya Aprili ameiandika mstari gani, na nani atateka zile ndoo kumi na mbili na nusu. Akisema ana majibu, mchukueni mpaka Nianjema kwa yule bibi. Atamkuta anasia.