Achari Haizimuliwi Maji

Wana hosteli, tusemezane. Kwetu Lugoba mama anatengeneza achari ya pilipili mbuzi: ndimu, siki, chumvi, karoti kidogo, chupa ya kioo iliyochemshwa ikakaushwa. Maji? Hata tone. Uchachu na chumvi ndivyo vinavyowazuia bakteria (nikianza kufundisha, somo la asidi naanzia hapo).

Sasa mwenzetu mmoja anatuuzia ya kwake kwenye chupa za maji za kuokota, na anaizimua ili iwe nyingi. Niliinunua, ikatoa povu siku ya tatu, nikaila hivyohivyo. Usiku kucha chooni, na asubuhi nina testi.

Biashara tufanye, bumu halitoshi, nalijua hilo. Ila nikirudi mlangoni kwake, ataonja yeye kwanza.